Bunduki na Chakula Chake

Wasikilizaji, jambo nitakalolieleza leo ni habari za bunduki katika nchi za Iringa na Mbeya: jinsi zilivyoingia, jinsi wawindaji walivyozichagua na kuzitengeneza zipate kufaa mikono yao, na kwa sababu gani aina moja iliyo mashuhuri sana duniani, yaani bunduki ya wenzo ya Marekani, haikupata makao kwetu.

Mimi nalianza kujifunza habari hizi kwa mzee mmoja wa karibu na Kalenga, aliyekuwa na gobori la kulindia shamba lake la mahindi. Nilipomwuliza kama gobori lile lapiga mbali, alicheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, usiulize lapiga wapi. Uliza lala nini." Neno hilo nimelipima katika mambo yote niliyosoma baadaye, nami sijaona mahali lilipokosea.

Basi tuanze na gobori. Ni kasiba ndefu ya chuma, laini ndani, iliyolazwa katika mti, nayo hushindiliwa kwa mdomoni. Kwanza humiminwa baruti, iliyopimwa kwa kipande cha pembe, kisha hutiwa tambara au nyuzi za gome, na kushindiliwa kwa mdeki, kisha risasi, kisha tambara tena ili risasi isidondoke mwindaji anapoinamisha kasiba njiani. Magobori ya kwanza yaliwashwa kwa jiwe la gumegume. Baadaye ikaja fataki, kikombe kidogo cha shaba kivikwacho juu ya tundu na kupigwa na nyundo ya mtambo. Mafundi wengi waliyageuza magobori ya gumegume yakawa ya fataki, kwa maana gumegume halina kazi katika mvua, na mvua za Nyanda za Juu mwazijua.

Bunduki hizo zilipanda bara pamoja na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, waliokuja kutafuta pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyepita Urori katika safari zake, jina lake la Tippu Tip lasemwa kuwa ni mlio wa bunduki za watu wake, uliosikika katika vita vyake na Nsama kule kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1867. Biashara hiyo ikazidi kukua. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa huko baada ya majeshi kupata silaha mpya.

Mtu wa leo aweza kulidharau gobori. Lakini tazama faida zake. Halichagui chakula. Risasi ikikosekana, hula kipande cha nondo, au vipande vya chungu cha chuma kilichovunjika. Baruti yaweza kutengenezwa na mtu mwenye shura, makaa na kiberiti cha unga. Mti ukipasuka, hufungwa kwa ngozi mbichi ya mnyama, nayo ikikauka hukaza kuliko msumari. Wakinga na Wapangwa, waliofua majembe na mikuki tangu zamani, hawakuwa wageni wa chuma. Kurekebisha nyundo ya mtambo hakukuwashinda mafundi wa namna yao. Nguvu zake nazo si za kuchekwa. Mwindaji Mwingereza Frederick Selous, katika miaka ya 1872 hadi 1874 kule kusini, aliua tembo 78 kwa magobori makubwa ambayo risasi zake nne zilitimiza ratili moja. Kila alipopiga, bunduki nayo ilimpiga yeye begani, na maisha yake yote alijuta kwa kuzitumia. Huyo ndiye Selous aliyeuawa vitani Behobeho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, ambaye jina lake lilipewa hifadhi kubwa ya wanyama.

Sasa tuiangalie bunduki ya wenzo. Wamarekani ndio walioitengeneza. Ile ya Henry ilitoka mwaka 1860, na ya kwanza yenye jina la Winchester mwaka 1866. Chini ya mtambo, mahali pa kupitisha vidole, pana chuma kilichopindwa kama kikuku. Mpigaji akikisukuma mbele na kukirudisha, ganda tupu hutoka juu, kiasi kipya huingia ndani, na nyundo hutegwa, yote kwa mwendo mmoja wa mkono, wala kitako hakiondoki begani. Kiasi, kwa asiyejua, ni risasi iliyofungwa pamoja na baruti na fataki yake katika ganda moja la shaba. Viasi hukaa katika mwanzi wa chuma chini ya kasiba, kimoja nyuma ya kingine, kumi na zaidi. Mtu mwenye gobori apiga mara moja na kusimama kushindilia. Mwenye Winchester apiga mara kumi bila kupumzika. Ilikuwa silaha ya watu wapandao farasi, maana ni nyembamba, fupi, na mtambo wake ni wa haraka.

Nayo ilifika Afrika yetu mapema. Stanley, alipokwenda kumtafuta Emin Pasha mwaka 1887, alichukua bunduki 510 za Remington za kupiga risasi moja moja, na Winchester 50. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa watu wa Unguja, na mwezi Desemba 1889 waliobaki walifika Bagamoyo kwa njia ya Mpwapwa. Mwaona hesabu hiyo: kwa kila Winchester moja, Remington kumi. Alichukua pia mizigo na mizigo ya viasi kwa kila aina, kwa kuwa alijua ya kuwa huko aendako hakuna duka. Wapagazi ndio waliobeba hicho chakula cha bunduki, misitu yote ya Kongo, na wengi wao hawakurudi.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalifanya mkataba katika mji wa Brussels. Wengi huukumbuka kwa habari za kukomesha biashara ya watumwa, na hiyo ni kweli. Lakini ndani yake mlikuwa pia amri juu ya bunduki. Bunduki mpya za viasi zilikatazwa kuuzwa kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika, na zilizoachwa kuuzwa, kwa masharti, ni za gumegume zenye kasiba laini, pamoja na baruti ya kawaida. Tangu hapo kuchagua bunduki hakukuwa tena shauri la mwindaji peke yake. Mwafrika wa Iringa hata angekuwa na pembe mia za kubadilishana, Winchester haikuwa katika soko lake kwa njia ya haki. Gobori alilokuwa nalo mzee wangu ni mtoto wa mkataba ule.

Mwaka uliofuata Wahehe wakapata bunduki za viasi kwa njia nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akipita Lugalo na askari zaidi ya mia tatu. Jeshi la Mtwa Mkwawa lilimvizia katika majani na mawe. Askari walikuwa na bunduki za Mauser za namna ya mwaka 1871, ambazo ni imara na hupiga mbali sana kuliko mkuki. Mizinga yao ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wahehe walipotoka mafichoni, wengi wa askari hawakuwahi kupiga zaidi ya mara moja au mbili. Katika dakika chache Zelewski alikufa, na pamoja naye Wadachi wengine tisa na askari wengi sana. Wahehe nao walipoteza watu, wengine papo hapo, wengine baadaye kwa majeraha. Waliookota silaha walipata bunduki zipatazo 300 na mizinga.

Hapa ndipo neno la mzee linapouma. Siku ile Mkwawa alikuwa mtawala mwenye silaha nzuri kuliko watawala wengi wa bara. Lakini Mauser ile haili chuma cha chungu. Yataka kiasi cha milimita 11, na kiasi hicho kilifanywa Ulaya, kikaja kwa meli, kikapita mikononi mwa watu waliokuwa adui zake. Kila kilichopigwa hakikurudi. Mtu akitaka kuwafundisha vijana 300 kulenga shabaha sawasawa, lazima achome viasi maelfu. Asipowafundisha, bunduki mikononi mwao ni rungu la bei kubwa. Mimi sidhani Mkwawa alishindwa kwa kukosa ushujaa au akili. Alijenga Kalenga ukuta wa mawe na udongo uliowashangaza Wadachi wenyewe. Lakini walipouvunja mwezi Oktoba 1894, chini ya Gavana von Schele, pamoja na von Prince, walikuja na mizinga na viasi visivyokwisha, na nyuma yao kulikuwa na pwani iliyoweza kuleta vingine. Ndani ya boma walikuta akiba ya baruti na pembe. Baruti ya kulishia magobori ilikuwapo. Kiwanda cha kulishia Mauser hakikuwapo, wala hakingeweza kuwapo.

Mkwawa alikimbia akapigana vita vya msituni karibu miaka minne. Wadachi waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi asije akakamatwa hai. Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lipo Kalenga hata leo.

Miaka kumi na mmoja baadaye, mwezi Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuwinda. Namtaja kwa sababu yeye ndiye aliyeitangaza bunduki ya wenzo katika Afrika ya Mashariki kuliko mtu mwingine yeyote. Alikuja na bunduki tatu kubwa. Moja ilikuwa ya jeshi la Marekani, aina ya Springfield. Ya pili ilikuwa Winchester ya namna ya mwaka 1895, kipimo cha .405, ambayo aliipenda sana kwa simba. Ya tatu ilikuwa ya kasiba mbili, kazi ya Holland & Holland wa London, aliyopewa na rafiki zake Waingereza; hiyo ndiyo aliyoitumia kwa tembo. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, hesabu ambayo masikio ya leo huisikia kwa uzito.

Ile Winchester ya mwaka 1895 ilikuwa imetengenezwa na fundi John Browning kwa ajili ya kuponya ugonjwa wa ndugu zake wakubwa. Nimesema kuwa katika Winchester za kwanza viasi hukaa katika mwanzi, kimoja nyuma ya kingine. Basi ncha ya risasi hugusa fataki ya kiasi kilicho mbele yake. Risasi ikiwa na ncha kali, bunduki ikipata kishindo, fataki yaweza kuwaka ndani ya mwanzi, mkononi mwa mwenyewe. Kwa hiyo risasi za bunduki za mwanzi hufanywa butu, na risasi butu huchoka upesi hewani. Browning aliondoa mwanzi, akaweka kikasha chini ya mtambo ambamo viasi hulala kimoja juu ya kingine. Hapo risasi yenye ncha ikawa salama, na viasi vyenye nguvu zaidi vikaweza kutumika.

Ikiwa ugonjwa ulipona, kwa nini basi wenzo haukukaa kwetu? Sababu moja ni ya nchi. Mwindaji wa Usangu au wa bonde la Ruaha hulala kifudifudi katika majani, na wenzo ukishushwa hugonga ardhi. Itampasa ainue bunduki, na mnyama aone. Bunduki za komeo, yaani zile ambazo mtambo wake huvutwa na kusukumwa kama komeo la mlango, hazina taabu hiyo. Tena komeo hutolewa kwa mkono mmoja na kufutwa vumbi, lakini kufungua tumbo la bunduki ya wenzo kwataka bisibisi na fundi mwenye subira. Hata hivyo sababu hizi mtu aweza kuzizoea. Sababu isiyozoeleka ni ile ya chakula. Viasi vya .405 vilitoka Marekani, na nchi hii ilitawaliwa na Wadachi, kisha Waingereza. Wadachi walileta viasi vya Mauser, Waingereza walileta vya .303. Kila boma, kila kituo cha polisi, kilikuwa na .303. Mzungu wa machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, akiishiwa viasi, alivipata vya .303 kwa urahisi kuliko vya aina nyingine. Angekuwa na Winchester, angesubiri meli.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vilionyesha jambo hilo waziwazi. Askari wengi wa Wadachi walianza vita wakiwa na Mauser zile zile za mwaka 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mweupe. Kila mpigaji alimwonyesha adui mahali alipojificha. Mwezi Aprili 1915 meli ya Wadachi, Rubens, ilipigwa na manowari ya Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilikuwa imebeba bunduki mpya na viasi vingi. Vilipotolewa majini vilikuwa vimelowa, ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja, baruti ianikwe, kisha vifungwe tena kwa mkono. Fikirini kazi hiyo. Mwezi Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akawashinda Wareno huko Ngomano, na askari wake wakatupa bunduki zao za zamani wakachukua za Wareno, kwa sababu viasi vya Wareno vilikuwapo. Mwaka 1918 aliporudi na kupita Njombe, kisha nchi ya Mbozi, wazee waliomwona waliona jeshi la Wadachi lenye bunduki za Wareno na za Waingereza. Aliposalimisha silaha Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, ndizo hizo zilizowekwa chini. Kwa miaka minne alichagua bunduki kwa kutazama mfuko wa adui yake.

Kuhusu kuitengeneza bunduki imfae mwenyewe, wawindaji wa zamani hawakuwa na mapambo mengi. Jambo la kwanza lilikuwa kitako. Mtu hukunja kiwiko, akaweka kitako ndani ya mkunjo wa mkono. Kidole kikifika vizuri penye kifyatuo, kitako ni chake. Kikizidi urefu hukatwa, kikipungua huongezwa kipande cha mti au mpira. Bunduki zilizotoka Ulaya zilipimwa kwa watu warefu wenye makoti mazito, basi mtu mfupi wa kwetu aliyeichukua bila kuikata alipigwa shavuni kila siku na kusema kwamba bunduki ina uchawi. Jambo la pili lilikuwa kilengeo cha mbele. Chuma cheusi hupotea machoni wakati wa magharibi na katika kivuli cha miti, kwa hiyo wengine walitia ushanga wa pembe ya ndovu, mweupe, na waliokosa ushanga walifunga kitambaa cheupe juu ya kasiba.

Wakati wa magharibi ulikuwa na habari yake katika nchi ya Njombe. Tangu mwaka 1932 mpaka 1947 simba walikula watu huko, upande wa Wanging'ombe na vijiji vya jirani. George Rushby, mwindaji wa tembo wa zamani aliyekuwa amekaa Mbeya na kuingia katika Idara ya Wanyama, alikadiria kuwa waliokufa walifika 1,500. Bunduki iliyozoeleka katika idara za wanyama za Afrika ya Mashariki wakati huo ilikuwa ya komeo, ya kipimo cha .404, yenye risasi nzito kuliko ile ya .405 ya Roosevelt, ingawa namba zao zakaribiana na kuwadanganya wengi. Silaha haikukosekana. Kilichokosekana ni habari. Watu waliamini kuwa simba wale wametumwa, wakaogopa hata kuwataja. Mtu alichukuliwa, na jirani akanyamaza. Rushby na askari wake walifika mahali damu imekwisha kukauka. Mwishoni waliua simba 15, na maafa yakakoma, ingawa wako waliosema kuwa yalikoma kwa sababu jumbe mmoja aliyeondolewa kazini alirudishwa.

Magobori yangalipo. Kwa sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015 kila bunduki, pamoja na gobori, yataka kibali, na kuwinda nako kwataka leseni. La mzee wangu lilikuwa na namba yake. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, gobori lilikuwa juu ya dari, kasiba imezibwa kwa gunzi la hindi ili nyigu wasijenge. Alinishushia kopo la chai lenye fataki zake, akazimimina kiganjani na kuzihesabu. Zilikuwa saba. Duka alilokuwa akinunua lilikwisha kufungwa zamani. Usiku ule ngiri waliingia katika mahindi, nasi tuliwasikia wakivunja mabua. Mzee alinyanyuka, akalitazama gobori, kisha akatoka nje na debe na fimbo.